Je, Tunalihitaji Neno "Corny"?

Makala haya yamezaliwa na kosa la mwandishi wake mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya sekondari mtaani Komarock, mashariki mwa jiji la Nairobi, niliketi jioni moja kusahihisha insha za Kidato cha Pili. Mada ilikuwa ile ambayo kila msomaji wa jarida hili ameiandikia walau mara moja maishani: siku ambayo sitaisahau. Insha zilikuwa arubaini na tatu. Katika thelathini za kwanza, wanafunzi wote walirauka alfajiri na mapema. Jua lilichomoza likitabasamu, na ndege wakawatumbuiza kwa nyimbo tamu matawini, ingawa mkazi yeyote wa Komarock anajua kwamba sauti inayomwamsha mtu huko ni ya makanga wa matatu akiwaita abiria wa mjini. Kila aliyekimbia alikimbia kama swara aliyeponea kucha za duma, na kila aliyelia alitiririkwa na machozi njia mbili mbili.

Baadaye kidogo subira ilinikatika. Niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa insha ya mvulana aliyesimulia kifo cha babake. Kilio kilihanikiza kote, giza likamfunika mchana kweupe, machozi yakamtiririka njia mbili mbili. Nikayapigia mstari maneno hayo kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika neno moja la Kiingereza: "corny."

Kesho yake mkuu wa idara ya Kiswahili, mama wa makamo ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kuyapitia masahihisho yetu sisi wanagenzi, alilifungua daftari hilo, akalitazama neno, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, hiki nacho ni Kiswahili cha wapi?"

"Samahani, Mwalimu," nikamjibu. "Nilikosa kisawe chake."

"Basi kama neno umelikosa, kosa umelijuaje?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akinywa chai kando alijaribu kuniokoa kwa kusema, "Mwandikie tu kwamba ni ya kishamba," na ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama yule hakucheka. Aliniambia nikalitafute neno hilo, akanirudishia daftari. Yafuatayo ni matokeo ya kulitafuta, nami nayaleta mbele ya wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu kwa sababu naamini kwamba kosa lile si langu pekee. Nimelisikia neno hilo hilo katika semina zetu za fasihi, likitamkwa juu ya nyimbo za taarabu, juu ya majina ya kanga, juu ya riwaya pendwa na juu ya mashairi ya magazetini, na kila linapotamkwa mjadala hukoma papo hapo, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa na mahakama ya juu.

Tuanze na neno lenyewe. Wazungumzaji wa Kiingereza hukitumia kivumishi hiki kwa mambo mawili ambayo si lazima yaandamane. Kwanza, huambiwa hivyo kitu kilichorudiwarudiwa hadi makali yake yakaisha: mzaha ambao mwisho wake unajulikana kabla haujaanza, tashbihi ambayo kila kinywa kimeshaitafuna. Pili, huambiwa hivyo kitu ambacho hisia zake zinamwagika: wimbo wa mapenzi unaolia kupita kiasi, filamu ambayo mvua hunyesha kila wapenzi wanapoachana. Lakini juu ya maana hizo mbili pana maana ya tatu isiyoandikwa kamusini. Anayelitamka neno hili hujitenga na wale wanaopendezwa na kitu hicho. Anasema, chini kwa chini, kwamba yeye ameshakivuka.

Maana hiyo ya tatu imo katika asili ya neno. Limetokana na "corn", ambalo Waingereza hulitumia kwa nafaka kwa jumla na Wamarekani kwa mahindi. Katika miaka ya 1930 wanamuziki wa jazi waliokuwa wakipiga mijini walilitumia kuubeza upigaji uliopitwa na wakati, ule waliouona kuwa unafaa masikio ya watu wa mashambani tu. Kwa hiyo kitu kilicho "corny", tangu mwanzo, ni kitu kinachonuka mahindi. Mkenya ana haki ya kushangaa hapa. Kwetu mahindi ndiyo ugali, ndiyo githeri, ndiyo uji wa mtoto. Bei ya unga ikipanda wanasiasa hukosa usingizi. Na jioni kandokando ya barabara za Komarock mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili huliwa na mwenye gari na asiye nalo. Mtu anayetaka kututukana kwa mahindi atapata taabu kueleweka.

Wala mahindi hayako peke yake. Neno jingine la Kiingereza linalokaribiana na hilo, "hackneyed", limetokana na farasi wa kukodishwa, aliyepandwa na kila mwenye nauli. "Banal", lililotoka Ufaransa, lilihusu tanuri na kinu ambavyo wakazi wote wa milki ya bwana mmoja walilazimika kuvitumia. "Vulgar" ni la Kilatini, na asili yake ni umati wa watu wa kawaida. Farasi wa kukodi, tanuri la wote, umati, shamba la mahindi: ukiyaweka pamoja utaona kwamba kosa la kitu, kwa mujibu wa maneno haya, ni kuguswa na wengi. Sisemi kwamba msamiati wote wa Kiingereza uko hivyo. Lipo "trite", ambalo maana yake ya asili ni kusuguliwa tu, na lipo "cliché", lililotoka katika kazi ya wapiga chapa wa Ufaransa, nalo halimdharau mtu. Hata hivyo wingi wa maneno ya namna ya kwanza unatosha kutufanya tusite. Sisi wa Eastlands tunasafiri kila siku katika gari la wote, tunanunua nguo katika soko la wote pale Gikomba, na tunalala katika nyumba ambazo ukuta wa mmoja ni ukuta wa jirani yake. Komarock yenyewe, iliyojengwa kwa awamu na Kenya Building Society, ilianza kwa nyumba zilizofanana kama sahani za seti moja, kabla wenyewe hawajaziongezea ghorofa kila mmoja kwa namna yake. Hatuwezi kulipokea kwa urahisi neno linalosema kwamba kilicho cha wote kimeharibika.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema: mbona nasi tunalo? Mwalimu yule aliyesema "ya kishamba" hakukosea tafsiri. Naam, hakukosea. Bila kujua alilifikia shina la neno la Kiingereza kuliko kamusi nyingi zingaliweza kulifikia, kwani shamba la mahindi na ushamba ni ndugu. Na hapa hatuna budi kukiri kwamba Kiswahili hakikuzaliwa bila doa. Katika miji ya mwambao utu ulipimwa kwa uungwana, na uungwana ulikaa mjini, katika nyumba ya mawe na msikiti wa Ijumaa. Shambani walikaa wengine. Katika karne ya 19, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na mashamba ya nafaka ya Malindi yalilimwa na watumwa, na kwa hiyo kumwita mtu "wa shamba" hakukuwa kumtajia anwani yake tu. Neno hilo limepanda reli likaja bara, na hapa Nairobi limepata maisha mapya. Vijana wa Komarock, ambao wazazi wao wengi wana boma ushago na hurudi huko kila Krismasi, humwita mshamba yeyote ambaye viatu vyake, lafudhi yake au wimbo anaoupenda umechelewa msimu mmoja.

Kwa hiyo sikatai kwamba "ushamba" ni kisawe. Ninachosema ni kwamba ni kisawe cha ubaya wake. Ningemwandikia yule mvulana kwamba insha yake ni ya kishamba, ningekuwa nimesema habari za mvulana na za kwao, na nisiwe nimesema lolote juu ya insha. Hiyo ndiyo tofauti ninayoomba tuishike. Yapo maneno ya kuhukumu watu yanayojidai kuhukumu kazi, na yapo maneno yanayohukumu kazi yenyewe. Kiswahili kinayo ya aina ya pili, tena kwa wingi unaoniaibisha niliyedai kwamba nimekosa kisawe.

Lipo neno "chapwa". Mchuzi ulio chapwa ni ule usio na chumvi. Neno hili halimtaji mpishi wala kwao. Linataja ulimi wa anayeonja, na ndani yake mna dawa, kwani mchuzi chapwa hutiwa chumvi ukala. Lipo "dufu", lililo kali zaidi, kwa kuwa kitu kilicho dufu hakina ladha wala uzito, na kukiongezea chumvi hakusaidii. Tazama pia jinsi lugha ilivyoweka ulinzi upande wa pili: anayesimulia jambo akalikuza kupita ukweli wake tunasema ametia chumvi. Pungufu ni chapwa, ziada ni kutia chumvi, na mwandishi hukaa kati ya hayo mawili akionja.

Kisha yapo maneno ya nguo. Nguo huchakaa, rangi huchujuka au huchuja. Msemo uliochakaa, sitiari chakavu, tashbihi iliyochujuka: haya yote ni Kiswahili fasaha na yanaeleweka bila maelezo. Nayo yana uadilifu fulani. Nguo haichakai kabatini. Huchakaa kwa kuvaliwa, na huvaliwa kwa kupendwa. Kanga iliyochujuka ndiyo iliyofuliwa mara nyingi kuliko zote. Kwa hiyo kusema kwamba msemo umechakaa ni kukiri kwamba ulipata kuwafaa watu. Wazungumzaji wa Sheng wamelifuata wazo hilo hilo kwa njia yao. Kwao kitu kilichozeeka kikakosa mvuto "kimechapa", na mkazi wa Komarock atasema hivyo juu ya gari, juu ya jaketi na juu ya hadithi.

Kwa ile maana ya pili, ya hisia zilizomwagika, sijaona neno lililo bora kuliko "kukinaisha". Kukinai ni kushiba hadi chakula kikageuka karaha, na mara nyingi husemwa juu ya vitu vitamu au vyenye mafuta mengi. Shairi la mapenzi lenye asali, sukari, waridi na malaika katika kila ubeti si bovu kwa sababu mapenzi ni jambo la kuchekwa. Linakinaisha. Watu wa mwambao walilijua hilo katika maakuli kabla ya wahakiki kulijua katika fasihi, ndiyo maana halua hunywewa kahawa chungu. Anayetaka kumsaidia mshairi wa namna hiyo hana haja ya kumcheka. Amwulize: kahawa yako iko wapi?

Na muziki, ambako neno la Kiingereza lilianzia, je? Wanamuziki wale wa Marekani waliuita upigaji wa zamani wa kimahindi. Sisi nyimbo za akina Fundi Konde, Daudi Kabaka na Fadhili William tumeziita zilipendwa. Neno hili limeundwa kwa kitenzi tu, bila nomino ya kulishika mkono, na linabeba katika silabi nne tu wakati uliopita, watu waliopenda na nyimbo zilizopendwa. Halisemi kwamba nyimbo hizo zingali mpya, wala kwamba aliyezipenda alikuwa mjinga. Kila Jumapili jioni, gari linaporudi Komarock likipiga zilipendwa, vijana wa viti vya nyuma hunung'unika na wazee wa viti vya mbele huimba. Jina la nyimbo hizo linawafaa wote wawili.

Labda atatokea wa kuniuliza: basi tofauti yetu ni ya maneno tu? Sidhani. Chini ya maneno pana swali la kama kurudiwa ni aibu. Uhakiki tunaofundishwa, ambao umeathiriwa sana na Ulaya ya karne mbili zilizopita, unachukulia kwamba msanii bora ni yule anayesema lisilopata kusemwa. Lakini hebu tuufungue utenzi wowote wa kale. Mtunzi ataanza kwa jina la Mungu, kisha ataagiza aletewe wino na karatasi. Hivyo ndivyo walivyofanya watunzi wengi, mmoja baada ya mwingine, kwa vizazi. Kwa kipimo cha wino wangu mwekundu, mlango huo wa utenzi ni chakavu kuliko machozi ya njia mbili mbili.

Sasa tumwangalie Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858 mama huyu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wa kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Naye pia anaanza kwa kuagiza wino na karatasi. Lakini anayeagizwa ni binti mwenyewe, na anaitwa asogee karibu na mama anayeumwa. Fomyula ile ile iliyotumiwa na kila mtu inageuka kuwa chumba, kitanda, na mtoto anayekaa chini kumsikiliza mamaye. Mwana Kupona hakubuni mlango mpya. Aliupitia ule wa wote, akaingia nao mahali ambapo hakuna mwingine angaliweza kuingia. Je, tutamwandikia nini pembeni?

Ningeweza kutoa mifano mingine. Katika takhamisi mtunzi huchukua beti za mwenzake zilizokwisha kujulikana na kuziongezea mishororo yake hadi kila ubeti ukatimia mitano, na Takhamisi ya Liyongo ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inahesabiwa miongoni mwa johari za fasihi yetu, si miongoni mwa marudio. Wauzaji wa kanga wa Mombasa, kama wale wa chapa ya Mali ya Abdulla, wamekuwa wakichapisha methali ambazo kila mtu anazijua, na mnunuzi huchagua kanga si kwa sababu methali ni ngeni bali kwa sababu jirani yake ataisoma na kujua imemlenga nani. Ukale wa methali ndio unaoifanya ichome, kwani aliyechomwa hawezi kudai kwamba hakuielewa. Tena tukumbuke matanga. Tunapoingia nyumba yenye msiba tunasema "poleni", tunasema "makiwa", tunasema Mungu amlaze mahali pema. Maneno hayo yamesuguliwa hadi yakang'aa. Lakini atakayesimama mbele ya mjane na kubuni tashbihi mpya juu ya kifo cha mumewe atakuwa amekosa adabu, na watu wataulizana amelelewa wapi.

Kwa hiyo mizani ya Kiswahili, kama ninavyoielewa, haiulizi kwanza kama neno limepata kutumiwa. Huuliza kama limepata mahali pake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nao hawakuwa wakikisifu kidonda.

Isidhaniwe kwamba natetea uvivu. Ipo misemo ambayo imekufa na inazikwa kila siku bila kutulia kaburini, na mingi kati yake huuawa na sisi walimu. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulikuwa na insha ya Kiswahili yenye alama arubaini, na kwa ajili ya alama hizo kizazi baada ya kizazi cha watoto kilikaririshwa orodha za "mapambo ya lugha". Mtoto alifundishwa jua linavyochomoza kabla ya kuulizwa kama aliliona. Vitabu vya mapambo hayo viliuzwa, vikanunuliwa, vikakopiwa. Huko ndiko wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili walikowatoa swara na duma wao. Mtihani ule umeondoka, lakini mazoea hayakuondoka nao, na mwanafunzi anayeyaleta hadi chuo kikuu si haba. Nimeona tasnifu zinazoanza alfajiri na mapema.

Ipo pia aina nyingine ya misemo ambayo hatuitii wino mwekundu ingawa inastahili zaidi. Naiita misemo ya mitumba. Ni ile iliyovaliwa huko Ulaya na Marekani hadi wenyewe wakaichoka, kisha ikafungwa marobota ikaletwa kwetu, tukaivaa kama mpya. Msomaji ataipata katika taarifa ya habari jioni hii: mchambuzi wa siasa hawezi kumaliza hoja bila kusema "mwisho wa siku", hata kama anazungumzia jambo la asubuhi. Kwa Kiingereza msemo huo umechakaa kiasi kwamba wenye lugha huusihi uondoke. Kwa Kiswahili unaonekana wa kisasa, wa mtu aliyesoma. Hapa ndipo upofu wetu unapodhihirika: tunacheka machozi ya njia mbili mbili, ambayo walau yalizaliwa kwetu, na tunapigia makofi nguo iliyotupwa na mwingine. Kwa Gikomba sina neno. Mtumba wa shati nauvaa hata sasa ninapoandika. Lakini shati la mtumba mtu hulijaribu kwanza kama linamkaa.

Pendekezo langu kwa wanachama wenzangu ni dogo. Tusitafute wala tusiunde kisawe kimoja cha "corny", na wanaotunga kamusi wasione haya kuliacha neno moja la Kiingereza likajibiwa kwa maneno matano ya Kiswahili. Kazi ikitufika mkononi, tujilazimishe kuchagua. Je, ni chapwa, imepungukiwa? Ni dufu? Maneno yake yamechakaa, na kama yamechakaa, hapa alipoyaweka mwandishi yamekaa au hayakukaa? Inakinaisha? Anayelazimika kuchagua hulazimika kusoma. Nikiwa na neno la Kiingereza sikulazimika. Nililiandika nikafungua insha iliyofuata.

Jioni ya siku ile niliyorudishiwa daftari niliisoma upya insha ya yule mvulana, mara hii bila kalamu. Kilio kilikuwa kingali kinahanikiza, na machozi yalikuwa yangali na njia zake mbili. Lakini baada ya machozi palikuwa na sentensi mbili ambazo kalamu yangu ilikuwa imezipita bila mstari wala alama ya vyema. Babake alikuwa fundi wa mawe, mmoja wa wale wanaoziongezea ghorofa nyumba za mtaa ule. Mvulana aliandika hivi: pimamaji yake ingali chini ya kitanda. Tunapofagia tunaizunguka.

Nilirudi kwa mkuu wa idara.

"Mwalimu, nimelipata. Haya niliyoyapigia mstari ni maneno chakavu."

"Hapo sawa. Na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyefiwa angeyatoa wapi mengine?"

Nikamwonyesha zile sentensi mbili. Alizisoma akakaa kimya muda mrefu kidogo.

"Na hii utaiitaje?" nikamwuliza mimi.

"Hiyo usiitafutie jina, Mwalimu. Itie alama."

Nilikuwa nimempa kumi na moja kati ya ishirini. Nikaikata, nikaandika kumi na nne. Neno la Kiingereza nililifuta kwa mistari miwili, lakini wino mwekundu haufichiki, na daftari lilimrudia nalo likisomeka.